Uchangamano wa Usanifu na Muda wa Kuunganisha

Mhandisi anayesanifu bidhaa huulizwa swali moja mapema kuliko apendavyo: kiwandani, kuunganisha moja kutachukua muda gani? Huulizwa hivyo bidhaa ikiwa bado ni mchoro. Jibu lake ni makadirio ya muda wa uunganishaji, na njia mojawapo ya kuyapata ni kupima jambo ambalo waandishi wetu huliita mara ugumu, mara utata, mara uchangamano.

Neno kuunganisha halina ubishi. Fundi wa gereji husema anafunga injini baada ya kuifungua, lakini viwanda vya Thika na Mombasa vinavyopokea magari yakiwa vipande vipande hujulikana kuwa ni vya kuunganisha magari. Istilahi tunayo tayari.

Njia maarufu ya kukadiria muda huo ilianza miaka ya 1970 katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, kwa kazi ya Geoffrey Boothroyd, Mwingereza aliyehamia Marekani. Baadaye aliiendeleza pamoja na Peter Dewhurst, na mwaka 1991 wote wawili wakatunukiwa nishani ya taifa ya teknolojia ya Marekani. Wao hukichukua kipande kimoja kimoja na kuuliza: mkono utakishikaje, na kitaingiaje mahali pake? Pini iliyo sawa ncha zote mbili huchomekwa kama ilivyokuja mkononi. Yenye ncha moja tu ya kuingia lazima igeuzwe kwanza, na kugeuza kunakula muda. Majedwali yao hutoa sekunde za kila hali, nawe unajumlisha.

Kisha huuliza kama kipande kina haki ya kuwapo. Je, husogea wakati vingine vimetulia? Je, ni lazima kiwe cha malighafi tofauti? Je, kisipokuwa peke yake bidhaa haiwezi kuunganishwa wala kufunguliwa? Chukua plagi ya pini tatu. Pini hupita, kwa sababu lazima ziwe za chuma ilhali ganda haliruhusiwi kupitisha umeme. Fyuzi hupita, kwa sababu hubadilishwa. Skrubu ya kifuniko hushindwa: ganda linaloweza kujibana lenyewe haliihitaji. Vipande vilivyopita huhesabiwa, idadi yao huzidishwa kwa sekunde 3, na jibu hugawanywa kwa muda wote uliokadiriwa. Vikipita vinne na muda ukawa sekunde 60, alama ni 0.2, na msanifu ana kazi ya kufanya.

Udhaifu wa njia hii ni maswali yake. Ni mengi, yanataka kila kipande kiwe kimeshachorwa kwa undani, na wahandisi wawili wanaweza kuyajibu tofauti. Ndipo watafiti wa Chuo Kikuu cha Clemson, Carolina Kusini, wakajaribu mlango mwingine: wachore kila kipande kama nukta na kila maungio kama mstari, kisha wapime mtandao huo. Nukta ni ngapi, mistari ni mingapi, kutoka nukta hii hadi ile ni hatua ngapi? Vipimo hivyo hulinganishwa na muda wa bidhaa zinazojulikana, na kompyuta hujifunza uhusiano uliopo.

Hapa ndipo uteuzi wa neno unapokuwa na uzito. Mwanafunzi wa sekondari anajua kwamba sentensi tata ni ile yenye maana zaidi ya moja: “Ametupa” ni neno moja tu, nalo tayari ni tata. Sentensi changamano ina vishazi vilivyofungamana, na huenda ikaeleweka bila shida. Saa ya mkononi basi ni changamano, wala haina utata wowote. Ugumu nao hutegemea mkono wa anayefanya kazi, na Clemson hawakupima mkono. Walipima kufungamana, kwa hiyo mimi nasimama na uchangamano.

Neno hilo linatukinga pia na kosa la kuhesabu vipande tu. Vipande kumi vinavyopangwa kama nyama za mshikaki huingia kwa mwendo uleule. Kumi vinavyogusana kila kimoja na vitatu vingine havina njia hiyo ya mkato. Mwaka 1962 msomi Herbert Simon alitoa kisa cha kubuni kinachoonyesha uzito wa mpangilio, cha mafundi saa wawili, Hora na Tempus. Saa zao zilikuwa na vipande vipatavyo 1,000 kila moja, na simu ziliwakatiza wote. Hora aliunganisha kwa mafungu ya vipande kumi kumi, kwa hiyo kila simu ilimpotezea fungu moja tu. Kazi ya Tempus, isiyo na mafungu, ilisambaratika yote. Kwa hesabu ya Simon, kukiwa na uwezekano wa asilimia moja wa kukatizwa kwa kila kipande, Tempus angehitaji muda wa takriban mara 4,000 ya ule wa Hora.

Hata hivyo, mtandao wa nukta hauoni grisi kwenye skrubu, wala wembamba wa waya, wala kwamba mfanyakazi amepewa bisibisi ya umeme. Kielelezo kilichofunzwa kwa nyakati za kiwanda kimoja kitabeba bisibisi za kiwanda hicho ndani ya namba zake. Kikihamishiwa kwingine, kifunzwe upya.