Alhamisi Kuu ya Kibiti



Wapendwa taifa la Mungu, tarehe 13 Aprili 2017 ilikuwa Alhamisi Kuu. Jioni hiyo, waamini walipokuwa wakikusanyika kuadhimisha Karamu ya Bwana, askari polisi 8 waliuawa kwa risasi huko Mkengeni, wilayani Kibiti, wakirejea kutoka lindoni. Kabla na baada ya siku hiyo viongozi wa vijiji na raia wengine waliuawa mmoja mmoja katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Tarehe 21 Novemba mwaka huohuo akatoweka Azory Gwanda, mwandishi wa gazeti la Mwananchi aliyekuwa akiandika habari za mauaji hayo.

Haikuwa mara ya kwanza nchi hiyo kulia. Mwezi Agosti 1905, Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale huko Mohoro, kusini mwa delta ya Rufiji, vita vya Maji Maji vikiwa vimekwisha kuwaka Umatumbini. Tarehe 14 mwezi huohuo, vita vilipofika upande wa Liwale, Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, aliuawa safarini pamoja na mabradha 2 na masista 2. Kisha majeshi ya kikoloni yakachoma mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi, wakiwamo watoto wachanga na vikongwe ambao hawakumkosea mtu.

Basi, mjane wa Kibiti asiyemjua aliyemwua mumewe amsamehe nani? Tusiharakishe kumwambia, “Samehe na usahau.” Katekisimu, namba 2843, inakiri kwamba hatuna uwezo wa kutouhisi ubaya tuliotendewa wala wa kuusahau, bali moyo uliotolewa kwa Roho Mtakatifu hugeuza jeraha kuwa huruma. Bwana wetu aliwaombea waliomsulubisha pasipo kungoja watubu. Hata hivyo, alipofufuka aliwaonyesha mitume mikono yake na ubavu wake. Msamaha wake haukufuta makovu.

Kwa hiyo kusamehe si kuficha. Aliyeumizwa hutoa msamaha kwa neema ya Mungu. Aliyeumiza, na jamii nzima, wanabaki na deni la ukweli. Deni hilo haliozi. Tarehe 1 Novemba 2023, Sikukuu ya Watakatifu Wote, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha mjini Songea kwa yale yaliyotendwa na Wajerumani. Ilikuwa imepita miaka 118, na bado wajukuu walikuwa wakiuliza mabaki ya wazee wao yako wapi.

Wapendwa, kila Alhamisi Kuu tunapooshana miguu, tuwaombee marehemu na waliotoweka wa Kibiti, Wakristo na Waislamu, na tuwaombee pia waliowatenda hayo. Tukikutana na aliyefiwa, tumsikilize kwanza. Neno la msamaha atalisema mwenyewe, Mungu atakapomjalia.

Amina.