Mshale uliokosekana: masanduku manne ya UKIMWI

Mwaka 1997 jarida la PharmacoEconomics lilichapisha modeli ya Chancellor na wenzake kuhusu tiba ya VVU Uingereza. Swali lao lilikuwa la pesa: ukiongeza lamivudini juu ya zidovudini, maarufu AZT, faida inalingana na gharama? Kabla ya hesabu yoyote, ilibidi waamue mgonjwa anaweza kuwa katika hali zipi za afya. Walichagua nne: A, CD4 (chembe za kinga kwenye damu) kati ya 200 na 500, B, chini ya 200, C, UKIMWI, D, kifo.

Chukua watu 1,000 wa hali A wanaotumia AZT peke yake. Baada ya mwaka, 721 wapo A, 202 wameshuka B, 67 wako C, na 10 wamefariki. Rudia mwaka hadi mwaka, jumlisha miaka ya kuishi na gharama za kila hali, halafu linganisha dawa. Basi.

Lakini hata hiyo mipaka haikuwa ya asili. Marekani, tangu 1993, mtu mwenye VVU akiwa na CD4 chini ya 200 alihesabiwa ana UKIMWI tayari. Yaani mgonjwa yuleyule, B kwenye modeli hii, UKIMWI kule.

Sasa angalia kisichokuwepo: mshale wa kurudi. Kutoka B kwenda A, uwezekano ni sifuri. Huo haukuwa uzembe. Takwimu zilitoka enzi za AZT peke yake, ambayo ilichelewesha ugonjwa tu. Kuanzia 1996, mchanganyiko wa dawa tatu ulipoenea, CD4 za wagonjwa wengi zikapanda. Watu wa B wakaanza kurudi A, wakati mchoro ulisema haiwezekani.

Si tuongeze mshale tu? Hapana, si rahisi hivyo. Beck na Pauker walipoeleza mwaka 1983 jinsi ya kutumia minyororo ya Markov katika tiba, ilikuja na sharti lake: modeli haina kumbukumbu. Walio sanduku moja ni sawa, haijalishi walipitia wapi. Je, mwenye CD4 300 ambaye hajawahi kushuka ni sawa na aliyefika 300 akitokea 50 kwa msaada wa dawa? Kama jibu ni hapana, inabidi sanduku ligawanywe, na kila kipande kitafutiwe takwimu zake.

Mstari wa 200 haukuishia kwenye karatasi. Tanzania ilipoanza kutoa ARV bure mwaka 2004, asiye na dalili kubwa za ugonjwa alisubiri CD4 zishuke chini ya 200 ndipo aanzishiwe dawa. WHO ilipandisha kiwango hadi 350 mwaka 2010, 500 mwaka 2013, na 2015 ikasema kila mwenye VVU aanze. Mwenye CD4 400 alikuwa "bado" mwaka 2011, na "anza leo" mwaka 2016. Damu ni ileile, kilichohama ni mstari.

Kwa hiyo ukiletewa modeli inayosema dawa fulani ni ghali mno, usikimbilie jibu la mwisho. Uliza kwanza: masanduku yalichorwa lini, kwa dawa zipi, na ni mshale gani umepewa sifuri?