World War Z: Riwaya ya mazombi iliyoanza kama utani, wasomaji wakagoma kucheka

Wengi wanaijua World War Z kama ile muvi ya Brad Pitt, mazombi wanapandana kama siafu mpaka wanaruka ukuta wa Jerusalem. Kabla ya muvi kulikuwa na kitabu, na watu waliokisoma mapema wana kinyongo na muvi hiyo mpaka leo. Hasira yao ina historia yake.

Kitabu kilitoka 2006. Mwandishi, Max Brooks, alikuwa na mzigo wa kuzaliwa nao: baba yake ni Mel Brooks, mmoja wa wachekeshaji wakubwa wa Hollywood, na yeye mwenyewe alishawahi kuandika vichekesho kwenye kipindi cha Saturday Night Live. Mwaka 2003 alitoa The Zombie Survival Guide, mwongozo wa kujikinga na mazombi ulioandikwa kwa uso mkavu kabisa, na ukauzwa kama kitabu cha vichekesho. Kwa hiyo huyu jamaa aliporudi na riwaya ya mazombi, watu walijiandaa kucheka.

Wakakuta kitu kingine. Riwaya haina shujaa. Inaanzia miaka kumi baada ya vita kwisha, na mtu wa Umoja wa Mataifa anazunguka dunia akihoji walionusurika: daktari, mwanajeshi, tapeli, mama wa nyumbani, mmoja baada ya mwingine. Brooks amesema wazi kwamba mtindo huo aliutoa kwa Studs Terkel, mtangazaji wa Chicago aliyekusanya simulizi za watu wa kawaida kuhusu Vita Kuu ya Pili kwenye kitabu cha The Good War cha 1984. Yaani mazombi yaliwekwa ndani ya kitabu cha historia.

Si kila mtu alipenda. Wapo waliolalamika kwamba hakuna wa kumfuata kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kwamba wahusika wote, awe Mjapani au Mmarekani, wanaongea kama mtu yuleyule. Hilo la pili ni kweli, na hata mashabiki wakubwa wanalikubali kwa kunung'unika.

Ugomvi mkubwa ulikuwa kuhusu sura moja: vita vya Yonkers. Yonkers ni mji halisi, uko kaskazini tu ya New York City. Kwenye riwaya, jeshi la Marekani linaamua kuyamaliza mazombi hapo, mbele ya kamera, ili wananchi watulie. Kwa lugha ya mtaani, lilikuwa linatafuta kiki. Wanajeshi wanavalishwa mavazi mazito ya kujikinga na kemikali, wanachimbishwa mahandaki, wanapewa silaha zilizotengenezwa kutisha adui mwenye akili. Zombi hatishiki. Ukimkata miguu anakuja kwa tumbo. Risasi zinaisha, na kwa vile kila askari ameunganishwa na wenzake kwa mitambo ya mawasiliano, mayowe ya mmoja yanawafikia wote. Jeshi linavunjika.

Wasomaji waliowahi kuvaa magwanda hawakukubali, na mabishano hayo yameendelea kwa miaka. Hoja yao ni ya fizikia: mzinga mkubwa hauhitaji kumtisha mtu ili umuue, mlipuko unapasua mwili, na zombi aliyepasuliwa vipandevipande hatembei, awe na hofu au asiwe nayo. Eti risasi ziliisha? Jeshi gani linaenda vitani bila kupanga risasi? Kwa upande wa mahesabu ya silaha, hawa jamaa wana hoja nzito kuliko mwandishi.

Ila wapo wanajeshi wengine walioisoma sura hiyohiyo wakaona picha yao wenyewe. Ilikuwa 2006, Marekani imekwama Iraq, na makamanda wengi walikuwa wamejiandaa kwa vita vya aina ya zamani dhidi ya adui asiyefanana na wa zamani. Kwao Yonkers ilihusu wakubwa wanaopigana na kamera badala ya adui. Upande huu ndio ulioshika. Mtoto wa mchekeshaji akaanza kualikwa kuongea na maofisa, na baadaye akapewa nafasi ya mtafiti mshiriki kwenye Modern War Institute, taasisi iliyo ndani ya chuo cha kijeshi cha West Point.

Halafu ikaja 2013 na muvi. Kampuni ya Brad Pitt ilikuwa imeshinda ile ya Leonardo DiCaprio kwenye kugombania haki za kitabu, kwa hiyo matumaini yalikuwa makubwa. Kilichotoka ni baba mmoja mzuri wa sura anayezunguka dunia kuiokoa. Mahojiano hakuna. Yonkers hakuna. Na mazombi ya kitabuni, ambayo yanajikokota taratibu na kutisha kwa sababu hayachoki, kwenye muvi yanakimbia kama yamefukuzwa na nyuki. Brooks mwenyewe alisema kinachofanana ni jina tu. Mwisho wa muvi ulishapigwa kama vita vikubwa vya Moscow, ukatupwa, ukaandikwa upya. Pesa haikujali: muvi iliingiza zaidi ya dola milioni 500 duniani. Waliosoma kitabu wakabaki na msemo wao wa "kasome kwanza", na wengine wakakimbilia toleo la sauti, ambalo kwa kitabu cha mahojiano pengine ndilo tafsiri bora iliyowahi kufanywa.

Kuna kitu kingine kilichotolewa kwenye muvi, na hicho hakihusu mbio za mazombi. Kitabuni ugonjwa unaanzia China, kijijini. Daktari anampata mgonjwa wa kwanza, mtoto wa miaka 12, anampigia mwenzake simu, na muda si mrefu watu wa usalama wanafika. Serikali inaficha, dunia inachelewa. Kabla muvi haijatoka iliripotiwa kwamba studio ilitaka China iondolewe kwenye hadithi ili isijifungie soko. Kitabu chenyewe kilikwama: Brooks alieleza kwamba mchapishaji wa Kichina alitaka baadhi ya sura zikatwe, yeye akakataa.

Alieleza hayo kwenye Washington Post Februari 2020. Mwezi huohuo, tarehe 7, alifariki Li Wenliang, daktari wa macho wa Wuhan aliyewatahadharisha wenzake kuhusu ugonjwa mpya kisha akaitwa na polisi na kusainishwa karatasi ya onyo. Wasomaji wakarudi kwenye kurasa za mwanzo za riwaya ya mazombi na safari hii hakuna aliyebishana kuhusu mizinga. Brooks hakuwa nabii. Alikuwa amesoma habari za SARS ya 2003 na namna ilivyofichwa, akaongeza meno.

Sehemu inayozungumzwa kidogo mno ni ile inayotuhusu huku. Kwenye riwaya, ugonjwa uliotoka China unajulikana hadharani kwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa Cape Town, basi dunia nzima inauita kichaa cha mbwa cha Afrika. Jina linakaa. Tapeli mmoja Marekani anatengeneza chanjo inayoitwa Phalanx, kinga ya kichaa cha mbwa cha kawaida ambayo kwa zombi haisaidii chochote, serikali inaipitisha harakaharaka, watu wananunua na kulala usingizi. Anatajirika, anakimbilia Antarctica, na akihojiwa hana hata aibu. Wasomaji wengi wanamtaja kama mtu wa kuchukiza kuliko zombi yeyote kitabuni.

Novemba 2021 wanasayansi wa Afrika Kusini walifanya kile ambacho riwaya nzima inalilia mtu akifanye. Waliona aina mpya ya kirusi cha korona, wakaitangaza dunia nzima mapema. WHO ilikuwa imeshaanza kutumia herufi za Kigiriki ili virusi visibandikwe majina ya nchi, kwa hiyo ikaitwa Omicron. Ndani ya siku chache Uingereza, Marekani na Ulaya zikafunga milango kwa wasafiri wa kusini mwa Afrika. Baadaye kidogo maabara za Uholanzi zikapima upya sampuli zao za zamani. Omicron ilikuwa tayari iko Uholanzi tangu tarehe 19 mwezi huo, siku kadhaa kabla ya tangazo la Afrika Kusini.