Kuingia si kuhimiliwa

Anayetaka kuipa kompyuta yake prosesa mpya humuuliza fundi, awe Moshi mjini au kwingineko: "Itaingia?" Kitenzi hicho kina nusu ya ukweli, na nusu hiyo hula fedha za watu. Mwaka 2017 Intel ilitoa prosesa za kizazi cha 8 zenye soketi ya LGA 1151, ileile ya kizazi cha 6 na cha 7. Ziliingia vizuri kwenye bodi za zamani, lakini zilitengenezewa chipseti za mfululizo wa 300, hivyo kompyuta haikuwaka. Hata chipseti ikifaa, yapo ya BIOS na ya umeme. Swali sahihi ni: "Bodi itaihimili?" Himili ni ndugu wa hamali na mhimili, shina lao la Kiarabu lina maana ya kubeba.

Atakuwepo wa kusema kwamba mafundi wanaelewana kwa "kuingia". Ni kweli, ila anayelipa si fundi. Mwingine ataona himili ni neno zito. Basi aseme kubeba, kama wakulima wa miteremko ya Kilimanjaro wanavyosema miche ya parachichi ya kubebesha, yaani ya kikonyo kilichopachikwa kwenye shina la mche mwingine. Wanajua kwamba kikonyo kukaa kwenye mpasuo si kushika. Shina lisipokilisha, kitanyauka. Kabla ya kununua, soma jina la bodi, tafuta orodha ya mtengenezaji ya prosesa inazozihimili, kisha ndipo utoe pochi.