Jina la Ukoo na Ushahidi wa Nasaba Nchini Uingereza

Mtu aitwaye Walker atakapo kuijua asili yake, jambo la kwanza analolishika ni jina lake. Aghalabu hudhani kwamba jina hilo limeteremka kutoka kwa babu mmoja wa kale, na kwamba wote walichukuao ni ndugu. Dhana hiyo imezitangulia tafiti nyingi za nasaba nchini Uingereza, yaani katika England, Wales na Uskoti. Lakini historia ya majina yenyewe haiiungi mkono. Jina la ukoo ni ushahidi wa lugha kabla ya kuwa ushahidi wa damu, na asiyeyatofautisha mambo hayo mawili hupotea njia mapema.

Kabla ya mwaka 1066 watu wengi wa England walitosheka na jina moja. Baada ya Wanormani kuiteka nchi hiyo, desturi ya kumwongezea mtu jina la pili ilienea polepole, kwanza miongoni mwa wenye ardhi, kisha miongoni mwa wakulima na mafundi. Majina hayo yalitokana na mambo manne: mahali alipotoka au alipokaa mtu, jina la baba yake, kazi yake, na lakabu aliyopewa na wenziwe. Mwanzoni hayakurithiwa: mwana wa mhunzi aliyefanya kazi ya kuoka mikate aliweza kuitwa kwa kazi yake mwenyewe. Kufikia mwaka 1400 hivi, jamaa nyingi za England zilikuwa zimekwisha kuyarithi, na neno lililokuwa sifa ya mtu likawa alama ya ukoo tu.

Hapo ndipo mtaalamu wa lugha apatapo faida. Kazi ya kukanyaga nguo za sufu majini, ili nyuzi zishikane na nguo iwe nzito, ilikuwa na majina matatu. Kaskazini fundi wake aliitwa Walker, kusini mashariki aliitwa Fuller, na kusini magharibi Tucker. Kwa hiyo Walker si mtembezi, kama sikio la leo linavyodhani, bali ni mkanyaga nguo. Na mtawanyiko wa majina hayo matatu unaonyesha mipaka ya lahaja za Kiingereza cha karne za kati. Lakini faida ya mwanaisimu ni hasara ya mtafiti wa nasaba. Mafundi hao walikuwapo katika miji na vijiji vingi, nao hawakuwa na babu mmoja.

Mambo ya Wales ni tofauti. Huko mtu alitajwa kwa jina lake na la baba yake, yakiunganishwa kwa neno «ap», na binti kwa neno «ferch»; matumizi yake yanalingana na «bin» na «binti» katika Kiswahili. Mtu aliweza kuwataja babu zake kwa mfululizo, kizazi baada ya kizazi. Baada ya sheria ya mwaka 1536 kuiunganisha Wales na England na kukifanya Kiingereza kuwa lugha ya mahakama, desturi hiyo ilififia kidogo kidogo. Ap Rhys akawa Price, ap Hywel akawa Powell, na ab Owen akawa Bowen. Wengine walichukua jina la baba kwa namna ya Kiingereza, wakawa Jones, Davies au Williams. Kwa kuwa majina ya ubatizo yalikuwa machache, majina ya ukoo nayo yakawa machache, na majirani wasio na udugu wakaitwa jina moja. Utaratibu uliodhihirisha nasaba ulipisha utaratibu unaoificha.

Huko Uskoti dola yenyewe iliwahi kulifuta jina. Mwaka 1603 jina la MacGregor lilipigwa marufuku, na watu wa ukoo huo wakalazimika kuchukua majina mengine. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1661, ikarudishwa mwaka 1693, na ikakoma kabisa mwaka 1774. Damu ilibaki ile ile. Jina ndilo lililobadilika.

Kwa sababu hizo, mtafiti hana budi kuanza na mtu anayejulikana na kurudi nyuma, hati kwa hati. Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza England na Wales mwaka 1837, na Uskoti mwaka 1855. Sensa ya mwaka 1851 ilieleza uhusiano wa kila mtu na mkuu wa nyumba, na mahali alipozaliwa. Kabla ya hapo yapo madaftari ya parokia, yaliyoamriwa na Thomas Cromwell mwaka 1538. Lakini kati ya familia na daftari alisimama karani. Watu wengi hawakujua kuandika. Karani aliliandika jina kama alivyolisikia, na huenda ndugu wawili wakaonekana katika karatasi kama watu wa koo mbili.

Sayansi ya urithi nayo imetoa ushahidi wake. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 juu ya wanaume waitwao Sykes, karibu nusu yao walikuwa na kromosomu Y ya aina moja, iliyoelekea kutoka kwa babu mmoja. Waliosalia walilichukua jina lile lile bila alama hiyo ya damu.

Tena, hata pale ambapo jina limerithiwa bila kukatika, linafuata mstari mmoja tu. Mtu akihesabu vizazi kumi nyuma yake, kizazi hicho cha kumi kina nafasi 1,024 za mababu na mabibi, na jina lake limetoka kwa mmoja tu kati yao. Wanawake wa England walioacha jina la kwao walipoolewa ndio waliofichika zaidi, ingawa kila kizazi kilipita kwao. Mtafiti anayelifuata jina peke yake, basi, anaandika historia ya neno. Akitaka kuandika historia ya watu, hana budi kuwatafuta pia wale ambao jina liliwaacha.