Maharage Hutangulia, Nafaka Hufuata

Wasikilizaji wangu, mtu anunuaye maharage sokoni Kariakoo, au alaye wali wa maharage huko Feri baada ya kuuza samaki wake, hutazama bei tu. Haulizi yaliiachia nini ardhi yalipong'olewa. Leo tuulize hilo, na kwa kuuliza tutoke katika joto letu la pwani twende milima ya Wamatengo, upande wa Mbinga, penye baridi ya kujifunika blanketi.

Katika karne ya 19, Wangoni walipoingia nchi ya Songea, Wamatengo walikimbilia milimani. Watu wakawa wengi, ardhi haba, tena ya mteremko mkali. Huko ndiko kilimo cha ngolo kilikostawi. Karibu na mwezi wa Machi wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari ikatanayo, mfano wa wavu. Wanawake huchimba udongo wa katikati na kuyafunika. Hubaki mashimo yaliyozungukwa na matuta; mvua ikinyesha, maji hutuama humo yasiuchukue udongo. Juu ya matuta hupandwa maharage. Mahindi hungoja mvua za mwisho wa mwaka.

Kwa nini nafaka ingoje? Majani yanapooza huunyang'anya udongo naitrojeni kwa muda, na penye baridi huoza polepole. Mahindi yakipandwa hapo mara moja huwa manjano. Maharage yana vinundu mizizini, na ndani yake wamo vijidudu wavutao naitrojeni hewani. Wajerumani Hellriegel na Wilfarth walilithibitisha jambo hili mwaka 1888, ingawa wakulima wa Uingereza walikuwa wakitanguliza klova kabla ya ngano tangu zamani. Lakini tusiyasifu maharage kupita kiasi: punje zikivunwa, naitrojeni nyingi huondoka nazo. Faida hubaki kwa yule arudishaye majani na mabua shambani.

Mwaka 1938 A. H. Pike alieleza habari za ngolo katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Miaka tisa baadaye meli zilipita mbele ya Feri zikileta matrekta ya kwenda Kongwa kulima karanga, nazo ni jamii ya kunde vilevile. Huko mvua haikutosha, na udongo ulikauka mgumu hata karanga hazikung'oka. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa. Umatengo, majembe ya mkono yaliendelea kuchimba mashimo yale yale.