Damu Moja, Vijusi Viwili: Historia ya Uchunguzi wa Kromosomu katika Mimba za Mapacha

Historia ya uchunguzi wa kromosomu kabla ya kuzaliwa husimuliwa kana kwamba kila mimba ina kijusi kimoja. Mwaka 1959, jijini Paris, Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin walionyesha kuwa watoto wenye sindromu ya Down wana kromosomu ya 21 ya ziada. Mwaka 1966 Steele na Breg wakafaulu kuotesha seli za maji ya chupa ya uzazi na kuchunguza kromosomu zake.

Kwa mapacha, swali la kwanza lilikuwa la sindano: je, mchomo wa pili umeingia katika chupa ya pili, au umerudi katika ile ile? Madaktari walitia rangi katika chupa ya kwanza. Maji ya pili yakitoka bila rangi, shaka iliondoka. Lakini rangi mojawapo, bluu ya methilini, mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilihusishwa na kuziba kwa utumbo wa watoto waliozaliwa, ikaachwa. Wapangaji wa sera hulipuuza somo hili: kifaa cha kuondoa shaka nacho huweza kudhuru.

Vipimo vya damu havikusaidia sana. Protini na homoni zitokanazo na vijusi viwili huchanganyika katika damu moja ya mama, na kijusi chenye kromosomu za kawaida huweza kuficha dalili za mwenzake. Nafuu ilitoka London mwaka 1992, Kypros Nicolaides na wenzake walipoeleza kipimo cha majimaji nyuma ya shingo kwa altrasaundi. Sasa kila pacha aliweza kupimwa peke yake. DNA ya kijusi katika damu ya mama, iliyotangazwa na Dennis Lo na wenzake mwaka 1997, ilirudisha tatizo la kale: kipimo chake cha kawaida hakisemi ni pacha yupi, na pacha aliyekufa mapema huweza kuacha DNA yake humo.

Kwa maoni yangu, swali zito zaidi ni la kondo. Mapacha wa kondo moja karibu daima hulingana kromosomu, na mishipa yao huungana. Dawa ya kusitisha uhai wa mmoja huweza kumfikia mwenzake. Alama za kondo husomeka vyema mwishoni mwa miezi mitatu ya kwanza, kisha hufifia. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Mama anayefika kliniki katika wiki ya 22 ametimiza pendekezo hilo, ilhali jibu la kondo limekwisha kuwa gumu kupatikana.